Gari-nyumba la dizeli limekosa nguvu: maswali tunayoulizwa hapa Bukavu

Magari-nyumba si mengi Bukavu. Yako ya wasafiri wanaopita kwenda Tshivanga kuwaona gorila wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, na yako ya hapahapa: furgoni za Ulaya na Hiace zilizotiwa kitanda, jiko na tangi la maji, pamoja na zile zinazotumika kama kliniki za kutembea. Injini zake ni zilezile za furgoni za mizigo, ila hizi hubeba nyumba nzima kila siku, kwa hiyo upungufu wa nguvu huonekana kwake mapema. Mwenye Hiace ya abiria au Land Cruiser naye atapata lake humu.

Nitajuaje kwamba ni injini yenyewe?

Gari nyingi zinazoletwa kwa neno "haivuti" zina injini nzima. Anza na uzito. Furgoni za Ulaya zinazogeuzwa nyumba kwa kawaida zimesajiliwa kwa kilo 3,500 pamoja na mzigo wake, kwa kuwa hicho ndicho kikomo cha leseni ya kawaida kule. Jaza maji lita 100, hizo ni kilo 100. Weka betri mbili, chupa ya gesi, gurudumu la akiba la pili, gunia la mchele, watu wanne. Sasa panda mlima wa Ngomo nalo.

Kisha breki. Tembea kilomita chache kwenye tambarare bila kukanyaga breki sana, simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, breki yake imeshika na injini inaburuta gari lililofungwa. Gari lililolala miezi mingi uani hupatwa sana na hilo.

Mwisho klachi. Mlimani, kwenye gia ya tatu au ya nne, kanyaga mafuta hadi chini. Sauti ya injini ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Harufu yake ya kuungua utaijua.

Uchunguzi huu wa mambo matatu haugharimu hata faranga moja, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeuanzia.

Bukavu tuko juu. Si mwinuko tu unaokula nguvu?

Unakula, ndiyo. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani. Injini ya dizeli isiyo na turbo, mfano 1HZ ya Land Cruiser au 2L, 3L na 5L za Hiace, hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo hapa inafanya kazi pungufu kwa asilimia 15 kuliko Mombasa. Anayetoka Uvira, kando ya Tanganyika kwenye mita 770 na kitu, ataisikia tofauti akishapita Kamanyola na kuanza kupanda. Huo si ugonjwa. Gari lenye turbo haliathiriki sana hivyo, kwa sababu turbo inaongeza hewa iliyopungua, mpaka ifike kwenye kikomo chake.

Lakini mwinuko ni uleule Jumatatu na Alhamisi. Kama mwezi uliopita gari lilipanda kwa gia ya tatu, na leo kwa mzigo uleule linaomba ya kwanza, acha kuulaumu mlima.

Moshi unaniambia nini?

Unaniambia mimi fundi zaidi ya unavyokuambia wewe dereva, kwani wewe uko mbele na moshi uko nyuma. Mwombe mtu akufuate kwa pikipiki kwenye mlima, au akupige video ukipanda.

Moshi mweusi maana yake mazutu (mafuta ya dizeli) ni mengi kuliko hewa inayopatikana kuyachoma. Tafuta hewa imepotelea wapi. Fungua kasha la filta ya hewa kwanza kabisa. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua ikikatika, vumbi la barabara ya lami iliyokwisha linaziba filta ya karatasi kwa muda mfupi kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ndani ya gari-nyumba lililoegeshwa muda mrefu tumekuta viota vya panya: nyasi, vipande vya sifongo ya kiti, hata mfuko wa plastiki uliofyonzwa ukaziba mdomo wa bomba. Kuipiga filta kwa upepo wa kompresa inatosha kukufikisha nyumbani tu, maana upepo mkali huipasua karatasi usipopaona, na vumbi linaloingia hula turbo na silinda.

Filta ikiwa safi, fuata mabomba ya mpira yanayotoka kwenye turbo kwenda intakula (kipoza hewa) na kurudi kwenye injini. Mpira uliopasuka upande wa chini hauonekani ukiwa umesimama. Utajulikana kwa alama ya mafuta yaliyochanganyika na masizi, na kwa sauti ya "pssss" injini inapovuta mzigo. Kubana klipu moja kumewahi kumaliza kesi ambazo watu walikuwa wameshaziagizia turbo Kigali. Baada ya hapo fikiria vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) iliyokwama wazi, halafu enjekta, yaani vinyunyizio vya mazutu, zinazovuja.

Moshi mweupe unaouma macho ni mazutu yasiyochomeka: injini bado baridi, muda wa kuchoma umechelewa, au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imeshuka. Mweupe wenye harufu tamu, na maji ya radiata yanapungua, ni gasketi ya kichwa cha injini au kichwa chenyewe. Wa buluu ni oili.

Na kama gari halina nguvu na moshi hautoki kabisa? Hapo ama injini inanyimwa mazutu, ama komputa imeamua kuibana. Majibu yanayofuata ni yako.

Likifika mlimani linakata nguvu ghafla. Nikizima na kuwasha, linarudi kama zamani. Kwa nini?

Komputa imeona kipimo isichokiamini ikaiweka injini kwenye hali ya kujilinda. Furgoni nyingi hapo hazipiti mizunguko 3,000 hivi kwa dakika na turbo inaachwa isifanye kazi. Kuzima na kuwasha kunaifuta ile hali mpaka kosa lirudi tena, na litarudi kwenye mlima uleule kwa sababu ndipo turbo inapoombwa kila ilicho nacho.

Chanzo ninachokishuku kwanza ni turbo yenye mapezi yanayogeuka. Ndani yake kuna mapezi madogo upande wa ekzosi yanayobana au kufungua njia ya moshi. Gari linalozunguka mjini tu, kutoka Nguba hadi Essence kwenye foleni, halipati joto la kuchoma masizi, na mapezi huanza kunata. Yakinata yamebana, hewa inazidi kiasi. Yakinata yamefunguka, hewa haitoshi. Vyote viwili huishia kwenye kubanwa nguvu.

Kabla ya kushuka kwenye turbo yenyewe, tazama kinachoigeuza. Magari mengi hutumia kopo la vakyumu (linalovutwa kwa kufyonza hewa) lenye kijiti. Mtu mmoja awashe injini, mwingine aangalie: kwa mengi kijiti kinapaswa kuvutwa mara injini inapowaka, na kurudi taratibu inapozimwa, bila kushtukashtuka. Kisipocheza, chomoa kijibomba cha vakyumu na usikilize kwa kidole kama kinafyonza. Vijibomba hivi ni vyembamba, vinapita karibu na joto, na hupasuka kwenye maungio. Dalili ya ziada: pedali ya breki ikiwa ngumu kuliko kawaida, pampu ya vakyumu au bomba lake kubwa ndilo lenye shida, kwa kuwa breki zinakula kwenye chungu hichohicho.

Iko pia sensa ya mgandamizo wa hewa kwenye bomba la kuingilia. Ncha yake huvikwa masizi ikaanza kusema uongo. Itoe, isafishe kwa dawa ya kusafishia breki bila kuichokonoa kwa waya, iache ikauke. Kazi ya robo saa.

Fundi amesema turbo imekufa. Nimwamini?

Mwombe akuonyeshe. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, bomba la kuingilia hutolewa na kidole hufika kwenye shafti ya turbo. Kucheza kidogo kulia na kushoto ni kawaida, hasa ikiwa oili imeshuka. Ikicheza kuingia na kutoka, au mabawa yakiwa yamekwaruza nyumba yake, imekwisha. Oili nyingi iliyojaa ndani ya intakula nayo ni ushahidi. Unyevunyevu mwembamba wa oili si ushahidi wa kitu.

Usikubali injini iwashwe na kupandishwa mizunguko bomba likiwa limetolewa. Shafti ile hupita mizunguko 100,000 kwa dakika na inavuta chochote kilicho karibu, kidole kikiwemo. Turbo iliyovunjika inaweza pia kuimwagia injini oili, na injini ya dizeli huendelea kuwaka kwa oili yake yenyewe hata ukitoa funguo. Ikitokea, weka gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu zote na uachie klachi izimike. Kwa gari la otomatiki kilichobaki ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa mkono.

Na kama kweli imekufa, uliza imeuawa na nini. Bomba la oili lililoziba litaiua na mpya.

Mafuta ya Kadhafi, wale wauzaji wa bidoni barabarani, yanaweza kuwa ndiyo chanzo?

Yanaweza, na ya stesheni pia yanaweza. Tofauti ni kwamba bidoni ya Kadhafi imepitia mikono na vyombo vingi zaidi: jana ilibeba mafuta ya mawese, juzi imenyeshewa. Shida tunazoziona ni maji, uchafu, na mafuta ya taa yaliyochanganywa.

Maji na uchafu unaweza kuvikamata mwenyewe. Kabla ya kumimina, jaza chupa safi ya kioo na uiache itulie, usiku mzima ukiweza. Maji hushuka chini na kufanya mstari. Mazutu yenye ukungu yasiyotaka kuwa angavu usiyaweke. Mafuta ya taa hayaonekani kwa jicho, na ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu pampu ya kusukumia hulainishwa na mazutu yenyewe. Ukiipa kitu chepesi inajisaga, na vumbi lake la chuma linasafiri hadi kwenye enjekta. Kwa gari la kisasa huo ni msiba wa bei ya gari jingine.

Wenye gari-nyumba wana tatizo lao la ziada: kuegesha. Tangi lililobaki nusu kwa miezi hutoa jasho ndani, maji hukaa chini, na kati ya maji na mazutu huota bakteria wanaotengeneza utelezi mweusi. Siku ya safari gari linawaka vizuri, linafika Nyangezi, na kwenye mlima wa kwanza ule utelezi unanyonywa hadi kwenye filta. Ukiegesha muda mrefu, acha tangi limejaa. Ukiwa na utelezi tayari, kubadilisha filta pekee hakutoshi. Tangi linashushwa na kuoshwa.

Nawezaje kuthibitisha kwamba shida ni mazutu bila kubomoa gari?

Kwa jerikani. Chomoa bomba linaloleta mazutu kutoka tangini, weka mpira mwingine, uutumbukize kwenye jerikani safi yenye mazutu unayoyaamini, ukiiweka juu kidogo ili yashuke yenyewe. Bomba la kurudisha nalo lielekezwe humohumo. Ukinunua mpira angavu, bora zaidi, kwani utaona kama mapovu ya hewa yanapita. Injini ikirudisha nguvu, tatizo liko nyuma: tangi, chujio la ndani ya tangi, bomba, au kifuniko cha tangi kisichopumua. (Hilo la kifuniko lijaribu kwanza: gari likikosa nguvu, simama, fungua kifuniko. Ukisikia linavuta pumzi, umemaliza.) Gari lenye pampu ya umeme ndani ya tangi haliendi kwa jerikani ya kawaida, hapo kipimwe mgandamizo wa pampu hiyo.

Nguvu isiporudi, songa mbele: filta ya mazutu, kisha pampu, kisha enjekta. Kwa enjekta za mfumo wa reli moja (common rail, bomba moja linalogawia enjekta zote mazutu) kuna jaribio la chupa. Kila enjekta huwekewa mpira mwembamba kwenye njia yake ya kurudishia, kila mpira na chupa yake, injini inawashwa dakika chache. Chupa inayojaa mbali kuliko nyenzake ndiyo ya enjekta iliyochakaa. Hivyo unanunua moja, hununui nne.

Tahadhari moja: mabomba ya chuma yanayotoka kwenye pampu ya mfumo huu hubeba bar 1,300 hadi 2,000 kutegemea injini. Usitafute uvujaji wake kwa mkono. Mazutu ya kasi hiyo hupenya ngozi, kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, na mkono unaweza kukatwa usipofika hospitali haraka.

Ninunue skana ya kusoma makosa ya komputa?

Kama gari lako lina tundu la pini 16 chini ya dashibodi, nunua, hata ile ndogo ya kuunganisha na simu. Haitakuambia kipuri gani ununue, na hapo ndipo watu wanapopotea. Inatoa namba za makosa tu. P0299 inasema hewa ya turbo haitoshi. Haikusema turbo mbovu; mpira uliopasuka unatoa namba hiyohiyo. P0234 ni hewa kupita kiasi, kwa hiyo fikiria mapezi yaliyonata. P0087 ni mgandamizo mdogo kwenye reli ya mazutu, na filta ya bei ndogo ni mshukiwa kabla ya pampu ya bei kubwa. P0101 inahusu sensa inayopima hewa inayoingia. P2463 ni masizi yaliyojaa kwenye chujio la ekzosi.

Kitu kimoja cha huku kwetu. Funguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa, sensa ya mgandamizo wa hewa hapa Bukavu isome karibu kilopaskali 84. Vitabu vingi vinaandika 100, kwa sababu viliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, na tumeona sensa nzima zikitupwa kwa sababu hiyo. Inayosoma 100 ukiwa Ibanda, hapa mjini, ndiyo ya kuitilia shaka.

Gari langu ni jipya, la Ulaya, lina chujio la masizi kwenye ekzosi. Litaishi hapa?

Kwa shida. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 550 hadi 600, na linahitaji mwendo wa mfululizo kuufikia. Foleni za mjini hazilipi nafasi hiyo. Zaidi ya hapo, magari haya yalitengenezwa kwa mazutu ya Ulaya yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Afrika Mashariki zilijiwekea kikomo cha 50 mwaka 2015, na bidoni ya barabarani haiji na cheti. Taa ya chujio ikiwaka, usiizoee: nenda mwendo wa gia ya chini na mizunguko ya juu kidogo, kama 2,500, kwa dakika ishirini hadi thelathini kwenye barabara inayoruhusu, upande wa Kavumu kwa mfano. Isipozimika, chujio lishushwe lioshwe. Kuendelea kulilazimisha hurudisha joto na masizi kwenye turbo.

Niizibe EGR kama wanavyofanya wengi?

Isafishe. Kuiziba kwa bati kunanyamazisha dalili kwenye injini za zamani. Kwenye za kisasa komputa huona na kuibana injini kwa kosa jipya, nawe unarudi hapa.

Gari langu ni la zamani, halina komputa yoyote. Naanzia wapi?

Kwenye waya wa pedali ya mafuta. Mtu akanyage hadi chini, wewe tazama kama mkono wa pampu unagusa kituo chake cha mwisho. Kapeti nene iliyowekwa wakati wa kugeuza gari kuwa nyumba inatosha kuuzuia. Baada ya waya: filta mbili, hewa kwenye bomba la mazutu, nafasi za vali, na muda wa pampu. Mkanda wa muda ulioruka jino moja hufanya injini iwake kwa tabu na kutoa moshi mweupe.

Kupima kompresheni ni lazima?

Mwishoni tu, kila kingine kikishaonekana kizima. Kipimo kiwe cha dizeli, kwani cha petroli hakifikii. Zaidi ya namba yenyewe, linganisha silinda kwa silinda. Moja iliyoachwa nyuma na nyingine ndiyo habari.

Limenikatikia katikati ya Ngomo na jioni inaingia. Niendelee au nisimame?

Tazama joto, taa ya oili na moshi. Sindano ya joto ikiwa mahali pake, taa ya oili imezimika, moshi si wa buluu na hakuna kelele ya chuma, ni kukosa nguvu tu: zima, hesabu dakika moja, washa, panda kwa gia ya pili bila kulilazimisha turbo, hadi mahali penye watu. Ukiweza, mwaga maji ya tangi la nyumba. Kilo 100 pungufu mlimani si kidogo. Usiweke jiwe nyuma ya gurudumu halafu ukaliacha barabarani, papa, kuna lori linakuja nyuma yako.

Joto likipanda, taa ya oili ikiwaka, au moshi wa buluu ukiwa mzito, zima hapohapo na utafute wa kukuvuta. Na ukimpigia fundi, mweleze gia uliyokuwa nayo, rangi ya moshi, mafuta uliweka wapi mara ya mwisho, na kama nguvu ilikatika ghafla au ilipungua polepole. Kwa hayo manne atajua aje na filta au aje na kamba.